Kujuana Hadi Mlangoni

Mtu akikuuliza, "Fulani unamjua?" jibu huja upesi: namjua sana. Lakini akiongeza swali la pili, "Na kwake unapajua?" hapo wengi wetu siku hizi hunyamaza. Tunawajua watu wengi kuliko walivyojua wazazi wetu, ila kwao hatupajui. Tumewapata kwenye simu, tunacheka nao kwenye simu, tunagombana na kupatana nao humo humo, na pengine mtu huyo anakaa mtaa wa tatu tu kutoka kwetu. Katika kurasa hizi chache, ndugu msomaji, napenda tuzungumze juu ya marafiki wa namna hiyo, hasa wale wa mji mmoja, na juu ya desturi ambayo sasa imeenea katika miji yetu: marafiki wa simuni kupanga siku, wakakutana, wakaonana.

Mimi ni mkazi wa Tanga, na kazi yangu kabla ya kustaafu ilikuwa ya posta. Mwaka 2017 kijana mmoja wa mtaani kwetu aliniingiza katika kundi la WhatsApp la wapenzi wa muziki wa zamani. Masharti ya kundi yalikuwa mawili tu: uwe mkazi wa Tanga au vitongoji vyake, na usilete siasa wala matangazo ya biashara. Kwa mambo ya muziki Tanga haihitaji kutambulishwa. Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zilikuwa bendi za hapa, na vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star vilisikika pwani yote. Marehemu Bi Shakila, aliyefariki mwaka 2016, aliimba navyo. Mtu aliyekulia katika mji huu hakosi wimbo mmoja unaomkumbusha harusi fulani, au mapenzi fulani, au baba aliyekuwa akirudi kutoka shamba la mkonge na redio begani.

Basi kundi likachangamka. Alfajiri mmoja huweka wimbo, na hadi saa nne asubuhi watu wameshabishana juu ya nani aliyepiga gitaa la solo na wimbo ulirekodiwa mwaka gani. Wengi hawakutumia majina yao. Huyu alijiita kwa jina la ala ya muziki, yule kwa jina la bendi, mwingine kwa mstari wa wimbo. Tulifika watu 82, na jina nililolijua kwa hakika lilikuwa la yule kijana aliyeniingiza na la jirani yangu mmoja. Hatukuona kasoro yoyote katika hilo. Mazungumzo yalikuwa matamu, na utamu ulitutosha.

Alikuwamo mama mmoja ambaye hakupenda kuandika. Yeye alituma sauti. Kila alfajiri alitusalimu, akatutajia wimbo wa siku, na nyuma ya sauti yake jogoo aliwika. Tulimzoea yeye na jogoo wake. Mwanzoni mwa mwaka 2018 sauti ile ikakatika. Siku za kwanza watu walitania: mama ametutupa, mama ameolewa, jogoo ameliwa. Baadaye wakamsahau kidogo kidogo, maana kundi halina subira, wimbo mmoja ukiisha unakuja mwingine. Zikapita siku kama hamsini, kisha ujumbe ukaingia kutoka namba yake. Aliyeuandika alikuwa mwanawe. Alisema mama aliugua siku nne, akafariki, akazikwa, na arobaini imekwisha kusomwa. Ndiyo kwanza ameifungua simu ya mama yake, akaona watu wanamwuliza, akaona si vizuri kuwaacha hivyo. Tulipomwuliza msiba ulikuwa wapi, akajibu: Makorora.

Kutoka kwangu hadi Makorora ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Tulikuwa watu 82 wa mji mmoja, na hapana hata mmoja aliyetia mchanga kaburini. Msomaji wa kwetu hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Kwetu ujirani haupimwi kwa vicheko, hupimwa kwa msiba. Mtu usiyesemezana naye mwaka mzima, akifiwa unakwenda, unakaa jamvini, na wala hakuna atakayekuuliza umefuata nini. Sasa hawa tuliosemezana nao kila siku, usiku na mchana, tuwaite nani ikiwa hata jeneza lao linatupita barabarani hatujui ni lao? Swali hilo lilitembea katika kundi kwa siku mbili tatu. Mwisho mtu mmoja akaandika maneno mafupi: tuonane.

Tukaonana mara ya kwanza mwezi wa Agosti, mwaka ule ule wa 2018. Waandalizi walichagua bustani ya hoteli moja, mchango ukapangwa kuwa shilingi 25,000 kwa kila mtu, chakula na kinywaji humo humo. Tulikuja watu 19.

Nusu saa ya kwanza ilikuwa ngumu. Watu waliozoea kuitana majina ya utani na kutukanana kwa upendo walikaa wameshika chupa za soda kama wageni wa bwana harusi asiyejulikana. Waliokuwa mafundi wa kuandika walikuwa mabubu wa kusema. Mmoja ambaye kwenye kundi aliandika kurasa kwa kurasa, siku hiyo aliitikia kwa kichwa tu. Tena ilitokea kichekesho: watu waliokaa meza moja wakatoa simu zao na kuandikiana kwenye kundi, maana huko ndiko walikozoeana.

Shikamoo ndiyo iliyotusaidia. Kwenye simu umri hauonekani, na mle ndani tuliitana kaka, dada na mwanangu bila kupima. Alikuwapo kijana wa chuo aliyekuwa na mazoea ya kumtania mwenzake mmoja kwamba hajui muziki, arudi shule akasome. Siku hiyo alimwuliza mwandalizi, "Yuko wapi yule mkaidi wangu?" Akaoneshwa ajuza wa miaka zaidi ya sabini, kavaa baibui, kashika mkongojo. Kijana akainama akasema, "Shikamoo bibi." Bibi akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu. Ndiyo narudi shule hivi." Bustani nzima ilicheka. Kuanzia hapo watu walilegea, wakaanza kusalimiana upya, kila mtu kwa heshima ya umri wake, na nadhani hapo ndipo urafiki wetu ulipopata mfupa. Anayekupa shikamoo na ukamwitikia marahaba ameshakuwa mtu wako, na ana haki juu yako kama ulivyo na haki juu yake.

Tulirudi majumbani tumefurahi. Picha zilikuwa zimejaa kwenye kundi: picha za pilau, picha za kuku, picha za watu wamekumbatiana. Watu 63 walikuwa wamekaa makwao wakizitazama.

Miongoni mwao alikuwa mtu ambaye bila yeye kundi letu lisingekuwa kundi. Ukimpa sekunde kumi za wimbo anakutajia bendi, mwimbaji, na aliyepiga ngoma. Mabishano yote yaliishia kwake kama kesi zinavyoishia kwa kadhi. Kwenye mkutano wa kwanza alisema amesafiri. Wa pili, mwezi wa Desemba, mchango ukiwa ule ule, alisema ana homa. Hakuna aliyelitilia maanani jambo hilo, mpaka dada mmoja wa kundi alipopeleka baiskeli yake kuzibwa pancha huko Ngamiani. Tanga, kama ujuavyo, ni mji wa baiskeli. Fundi alikuwa ameinama juu ya gurudumu, redio inaimba pembeni, mtangazaji akakosea jina la bendi. Fundi akamsahihisha kwa sauti, akataja na mpiga besi. Yule dada akaitambua sauti ile palepale, maana aliisikia kila siku masikioni mwake.

Hakumwambia kitu. Alilipa shilingi 500 yake, akashukuru, akaondoka. Jioni aliwapigia simu waandalizi watatu, nami nikiwa mmoja wao, akatuuliza hesabu moja tu: shilingi 25,000 ni pancha ngapi?

Ni pancha hamsini, ndugu msomaji. Mtu huyu ilimpasa azibe pancha hamsini, asile, asinunue sabuni, asilipe chumba, ndipo aje kuketi na wenzake aliowafundisha muziki bure mwaka mzima. Hapo nikaona jambo ambalo tangu siku hiyo sijaacha kulifikiri. Simu ina aibu nyingi, lakini ina fadhila moja kubwa: haioneshi viatu. Mle ndani meneja mstaafu wa benki na fundi wa pancha walikuwa sawasawa, na aliyejua zaidi ndiye aliyesikilizwa. Ukiwatoa humo ukawaleta kwenye bustani ya hoteli, ule usawa unavunjika mlangoni, palipo na mtu wa kupokea mchango. Kukutana ambako kulikusudiwa kuwakaribisha watu kunageuka kuwa chekeche la kuwachuja. Na anayechujwa hatasema. Atasema amesafiri. Atasema ana homa.

Jambo hili si letu peke yetu, wala si la jana. Mwaka 1985 huko California, Marekani, Stewart Brand na Larry Brilliant walianzisha baraza la mazungumzo kwa njia ya kompyuta, likaitwa The WELL. Ofisi yake ilikuwa Sausalito, karibu na San Francisco. Mtu alitumia waya wa simu ya nyumbani kuiunganisha kompyuta yake na ile ya ofisini, na kwa kuwa simu ya mbali ilikuwa ghali na ya karibu rahisi, wengi wa waliojiunga mwanzoni walikuwa wakazi wa eneo lile lile. Gharama ya simu ndiyo iliyowafanya kuwa watu wa mahali pamoja, na haukupita muda wakaanza kukutana kwa karamu. Mmoja wao, Howard Rheingold, aliyaeleza maisha hayo katika kitabu chake cha mwaka 1993, The Virtual Community, akasimulia jinsi watu waliojuana kwa maandishi walivyofika kwenye harusi za wenzao na hata maziko. Katika jiji la New York, Stacy Horn alifungua baraza kama hilo mwaka 1990, akaliita Echo, naye aliwahimiza watu wake waonane ana kwa ana. Kwa hiyo wale waliotutangulia katika mashine hizi waligundua mapema kwamba maneno matupu, hata yawe matamu vipi, yanamfanya mtu atamani kuiona sura.

Nasi pia tulikuwa na njia yetu, tena ya zamani. Wasomaji wa rika langu watakumbuka kadi za salamu. Msikilizaji alinunua kadi, akaandika majina ya anaowasalimu na wimbo anaoutaka, akaitia katika sanduku la barua kwenda Radio Tanzania Dar es Salaam. Baada ya siku nyingi mtangazaji akaisoma, na jirani wote wakajua kwamba fulani ametajwa redioni. Nikiwa posta nilizipanga kadi hizo kwa mikono hii, mabunda kwa mabunda. Wasalimiaji wengi walikuwa hawajaonana kamwe: mmoja yuko Lushoto, mwingine Kilwa, wa tatu Mwanza, wanajuana kwa kusikia majina yao yakiitwa pamoja. Baadaye wakaunda vilabu vya salamu, huku kwetu na Kenya pia, wakatembeleana, wakachangiana harusi na misiba.

Lakini angalia tofauti moja. Kadi ile ilikuwa na anwani. Kila msalimiaji alijulikana kwa jina lake, sanduku lake la posta na mahali pake, na mtangazaji alivisoma vyote hivyo kwa sauti. Ungeweza kupanda basi ukaenda kumtafuta ukamwona. Namba ya simu haina mahali. Inaita vilevile mtu akiwa Pongwe au akiwa kaburini. Wale wa kadi walikuwa mbali wakajuana mahali walipo, sisi wa simu tuko karibu na hatujui. Hicho ndicho kilichotufika kwa mama wa Makorora.

Basi waandalizi tukakaa, tukabadilisha mambo. Sitaki kusema kwamba tulivumbua kitu. Mengi ni yale yale yaliyofanywa na bibi zetu, ila tulikuwa tumeyaacha.

Kwanza tuliondoa mchango. Kila mtu alete alichonacho: mihogo ya kuchemsha, bajia, kachori, visheti, machungwa ya Muheza, chupa ya chai ya tangawizi, au asilete kitu. Bibi wa mkongojo ndiye aliyetupa akili ya kuwahi mapema na kuvifunika vyombo vyote kwa kawa, vikapangwa jamvini mahali pamoja. Kawa likishafunika, hapana ajuaye sahani hii ya nani na nani hakuleta. Watu wanadhani kawa ni la kuzuia nzi tu, kumbe linasitiri na mikono mitupu.

Pili, tulihama hotelini, tukaenda Bustani ya Jamhuri, inayotazama bandari na kisiwa cha Toten. Pale hapalipiwi kiingilio, panafikika kwa baiskeli na kwa miguu, na upepo ni wa Mungu. Tatu, tulichagua Jumapili saa tisa alasiri, waliokwenda kanisani wawe wamesharudi na kula, na tukaweka kwamba kabla ya magharibi jamvi linakunjwa, ili wanaoswali waswali na wanawake wafike makwao mapema. Nne, hakuna picha za vyakula kupelekwa kwenye kundi. Picha ya watu moja inatosha, nayo ipelekwe mwishoni.

Tano ni daftari. Nilinunua daftari kubwa la mistari, nikalipiga safu nne: jina la simuni, jina lako hasa, mtaa unaokaa na nyumba inavyojulikana, na mtu wa karibu wa kupelekewa habari. Hakulazimishwa mtu kuandika. Daftari linakaa kwangu na nakala moja kwa yule bibi, halipigwi picha wala haliingizwi kwenye simu. Wapo waliouliza kwa nini tusitumie simu, ni rahisi zaidi. Niliwajibu kwamba jambo tunalolitafuta ni lile ambalo simu haina.

Jumapili ya kwanza ya namna hiyo ilikuwa Machi 2019. Walikuja watu 41, na fundi alikuwamo. Alikuja na baiskeli yake, nyuma amefunga redio kaseti ya zamani aliyoitengeneza mwenyewe na kanda tatu. Alikaa kati ya meneja mstaafu na kijana wa chuo, na alipobonyeza ile redio watu walinyamaza. Hakutoa hotuba. Wimbo ukiisha alieleza kidogo, watu wakauliza, akajibu. Baiskeli za watu wawili zilikuwa zimelegea minyororo, akazikaza huku anaongea.

Daftari lilipomfikia aliandika jina lake kwa mwandiko mzuri wa shule za zamani. Akaandika mtaa: Ngamiani, barabara ya 16. Kwenye safu ya mwisho, ya mtu wa karibu, kalamu ikasimama. Alikaa nayo hivyo, akatazama baharini, kisha akataka kumpa mwingine daftari. Bibi wa mkongojo alikuwa amekaa kando yake. Akamwambia pole pole, "Andika mimi." Fundi akaandika.

Nimehudhuria mikutano mingi tangu hapo na sijaona jambo zaidi ya hilo. Maneno mawili, hayakutumwa kwa watu 82, hayakupigiwa makofi. Lakini mtu aliyekuja hana wa kupelekewa habari zake aliondoka anaye.

Mwaka 2020 ulipoingia ugonjwa wa korona tulisimama kukutana kwa miezi, tukarudi kwenye simu tupu, na daftari lilikaa kabatini. Mwaka 2021 fundi akakosekana kwenye kundi siku mbili mfululizo. Zamani tungetania. Safari hii bibi hakuandika chochote. Alimchukua yule kijana, ambaye sasa anamwita mjukuu kwelikweli, wakapanda bajaji hadi barabara ya 16, wakauliza nyumba, wakamkuta fundi kitandani, homa imempanda na maji ya kunywa yamekwisha. Wakampeleka hospitali. Alipona, na hadi leo anaziba pancha na kusahihisha watangazaji.

Tena tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini kote, na kwa siku kadhaa vikundi vyote vilikuwa kimya. Zilikuwa siku za wasiwasi, kila mtu akiwaza mtu wake yuko katika hali gani. Hali ilipotulia ya kutosha kutoka nje, nilifungua daftari kwenye safu ya mitaa, nikaanza na waliokuwa karibu nami. Nilibisha hodi milango sita asubuhi ile. Mlango wa nne nilikuta mwenzangu mwingine ameshafika kabla yangu, naye akiwa kwenye mzunguko wake. Hatukuwa tumepangana. Hakuna mtu aliyetutuma, wala kundi halikuwa na njia ya kututuma.

Sisemi kwamba kila urafiki wa simu utolewe nje. Mengine ni heri yabaki humo. Wapo watu wawili katika kundi letu ambao kwa maandishi wanaelewana vizuri, lakini wakikaa jamvi moja ni ugomvi, nasi tumewaacha waandikiane. Yupo dada anayemwuguza mumewe aliyepooza, hawezi kutoka nyumbani saa tatu. Kwake yeye simu ndiyo baraza, na kumlaumu kwa kutokuja ni ukatili. Tulichofanya ni kwamba kila baada ya mkutano watu watatu au wanne humpitia na sahani iliyofunikwa, wakakaa naye kidogo. Mumewe naye ana nyimbo zake anazozipenda.

Vilevile hapana budi kuangalia usalama. Dunia ina matapeli, na jina la utani ni vazi zuri la tapeli. Mtu usiyemjua akikuita, onana naye mchana, mahali pa wazi, penye watu, na mwambie mtu wa nyumbani unakokwenda. Ikiwa una mke au mume, nenda naye. Bwana mmoja wa kundi letu alikuwa akiulizwa na mkewe kila usiku, "Hawa unaocheka nao ni akina nani?" Alimleta Jumapili moja, akawaona: wazee wenye miwani, vijana wenye njaa, na bibi mwenye mkongojo. Sasa mke ndiye anayemkumbusha mume siku ya kukutana.

Na la mwisho ni wingi. Tangu mwaka 2022 WhatsApp imeruhusu kundi moja kuwa na watu hadi 1,024. Tuliwahi kushauriwa tuongeze watu, tuwe wakubwa, tupate jina. Tulikataa. Watu elfu moja hawakai jamvi moja, wala daftari la watu elfu moja si daftari, ni orodha ya kura. Sisi leo tuko 90 na kitu, na tukiona tunakaribia mia, tunawasaidia wengine waanzishe kundi lao.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ikiwa unalo kundi la namna hii katika mji wako, na najua unalo, usingoje msiba uwafundishe. Itisheni siku moja. Chagueni mahali ambapo aliye na kidogo kuliko wote anaweza kufika bila kukopa, maana huyo ndiye kipimo cha mkutano wenu. Funikeni vyombo. Salimianeni kwa umri. Msikubali kuondoka kabla kila anayependa hajaandika jina lake na mtaa wake. Hayo mengine, nyimbo, vicheko na mabishano, yataendelea kwenye simu kama kawaida usiku huo huo, na kesho yake mtagombana tena juu ya nani aliyepiga solo. Ila utakuwa unapajua kwake.